Maboksi ya Fundi

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwingine, maana kisa hiki kina diwani, kina askari wa jiji, kina mvua pia, na kila mmoja wao anafaa kulaumiwa kidogo. Lakini wao walikuwa kwenye kazi zao za kila siku. Mimi niliingia kwenye kazi isiyokuwa yangu.

Kazi yangu ni kushona magodoro. Niko kwenye karakana moja nyuma ya maduka ya vipuri. Najaza pamba, napiga sindano ndefu kama mshale, na muda wote huo mdomo haupumziki. Ndiyo maana wananiita Redio. Mwenye karakana husema tofauti yangu na redio yake ni kwamba yake ina kitufe cha kuzimia. Kabla ya sindano nililala nje miaka mingi pamoja na kaka yangu, kwenye vibaraza vya maduka, chini ya daraja, popote ambapo mlinzi alikuwa na usingizi kuliko sisi. Mimi nilitoka. Kaka alibaki, kwa sababu alikuwa anaumwa, na ugonjwa wenyewe ni wa akili, si wa kufungwa bandeji ukapona. Zamani alikuwa akichomelea vyuma, tena si wa kubahatisha. Mageti yake mpaka leo yamesimama wima mjini kote. Hata watu waliomkuta akizungumza peke yake kando ya pipa la taka waliendelea kumwita Fundi.

Nilijaribu kuishi naye kwenye kijichumba changu. Nilikuwa nikirudi kazini namkuta hayupo, dawa ziko dirishani vilevile nilivyoziacha, na mimi naanza kuzunguka mitaa kama mtu aliyepoteza mbuzi. Mara moja alizolewa na lori la jiji. Wale wasiolijua lori hilo nitawaambia: linapita likikusanya watu waliolala njiani, linatoka nao nje ya mji, linawashusha kando ya barabara mahali pasipo hata kibanda, kisha linageuza. Kaka alirudi kwa miguu baada ya majuma. Nyayo zake sitaki kuzieleza. Aliyechukuliwa pamoja naye, mzee mmoja mpole aliyekuwa akituchekesha kwa kuiga sauti za wanasiasa, hakurudi. Nilipomuuliza kaka mzee yuko wapi, aliniangalia tu, akaanza kutetemeka kuanzia mabegani. Sikumuuliza tena.

Kisha ikapatikana ile nyumba. Ilikuwa nyumba ya mapumziko ya madereva wa treni, ghorofa mbili, korido ndefu, kila chumba na sinki lake dogo, na jiji lilikuwa limeiacha kwa popo. Sisi tulioisumbua ofisi ya jiji mpaka ikachoka tulikuwa wachache: muuguzi mstaafu mmoja, mwanasheria mwenye suti moja, na mimi mwenye mdomo. Hatukuomba kambi. Tuliomba mtu apewe chumba na ufunguo wake kwanza, bila kuambiwa apone ndipo aingie, na chini awepo mhudumu wa kumpa dawa na wa kumjua akibadilika. Jiji lilitupa ruhusa ya majaribio. Ruhusa ilikuwa inaelekea ukingoni, na kamati ya makazi ilikuwa haijaamua kama itapeleka sheria ndogo kwenye baraza la madiwani, ile ambayo ingeyafanya majengo matupu ya jiji yatumike hivyo na nyumba yetu ibaki. Wakikataa, kufuli linarudi getini na watu wanarudi barabarani. Kaka yangu akiwa mmoja wao. Kwangu mimi sheria ndogo nzima ilikuwa na jina moja, na jina lenyewe lilikuwa linalala chumba cha mwisho kwenye korido ya juu.

Yule muuguzi ndiye aliyeisimamia nyumba. Tulimwita Mama Funguo, kwa sababu alitembea na mshipi wa funguo uliomtangaza kabla hajafika. Alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka tukawa tunaisema naye kwa pamoja kama watoto wa shule: kitu cha mtu hakiguswi. Awe amekusanya chupa, awe amekusanya vitambaa, hakiguswi. Kaka alikuwa na mfuko wake wa plastiki chini ya kitanda, na maboksi ya friji aliyoyakunjua akayatandika sakafuni kando ya kitanda. Hapo ndipo alipolala. Mlango aliuacha wazi kidogo, ameubania kiatu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, hakijaguswa, na juu yake godoro nililolishona kwa mkono wangu, pamba safi, kingo zimepigwa uzi mara mbili. Kila nikienda kumtazama nalikuta limenuna.

Nilimlalamikia Mama Funguo. Akaniambia kitanda hakina haraka, Fundi atakipanda siku yake.

Sasa njooni kwenye ujinga wenyewe. Kamati ilituita tujieleze. Kulikuwa na diwani mmoja, mtu wa sauti nzito na viatu vinavyong'aa, ambaye kata yake ndiyo yenye nyumba yetu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema wapiga kura wake wanamuuliza kwa nini jiji liwape vyumba watu ambao, kwa alivyosikia, hawavitaki, wanalala chini humohumo ndani na kesho wanarudi nje. Nikaona ukumbi unatikisa vichwa. Mwanasheria akaanza kutafuta karatasi. Mimi nikasimama bila kuitwa, nikamwambia mheshimiwa aje aone mwenyewe, atakuta vitanda vimelaliwa na kutandikwa kuliko chake. Watu wakacheka. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mtulivu, akacheka pia, kisha akasema vizuri, basi kamati itakuja Alhamisi.

Kicheko changu kilikatikia hapohapo. Nje ya ukumbi Mama Funguo alinishika sikio, mimi mtu mzima mwenye ndevu, akaniuliza ni kitanda gani hicho kilicholaliwa nilichokuwa nakisema.

Alhamisi asubuhi nilivaa tai. Sijui kufunga tai. Niliifunga kama ninavyofunga mdomo wa gunia la pamba. Nilifika mapema, kaka akiwa chini uani anaoga, nikapanda kwenye chumba chake. Nilisimama pale mlangoni nikayaangalia yale maboksi, na nikamwona diwani akiyaangalia, nikasikia na sauti yake nzito ikisema si nilisema. Sikufikiria zaidi ya hapo. Niliyakunja maboksi, nikateremka nayo kwa ngazi ya nyuma, nikayatupa kwenye pipa kubwa la nje. Mfuko nikaupandisha kabatini, rafu ya juu, usionekane. Nikadeki sakafu kwa sabuni yenye harufu kali, nikafungua dirisha, nikalivuta shuka la kitanda mpaka likanyooka, kisha nikalibonyeza godoro kidogo katikati, lionekane limelaliwa. Nilijiona fundi kweli.

Nikashuka jikoni. Nilikuwa namtania mpishi kwamba chai yake inaona aibu kuitwa chai, ndipo niliposikia miguu. Miguu mitupu, inashuka ngazi kwa kasi, halafu geti. Halafu kimya.

Mama Funguo alikuwa anahesabu vidonge mezani. Aliinua kichwa taratibu, akaniangalia mimi, si mlango.

"Umefanya nini?"

Tulipanda pamoja. Alisimama katikati ya kile chumba kinachonukia sabuni, akatazama sakafu inayong'aa, akatazama chini ya kitanda. Kiatu cha kubania mlango kilikuwa kimelala peke yake. Nilimsubiri anigombeze, ningepata nafuu. Hakunigombeza. Aliuliza tu maboksi yako wapi, nikasema pipani, akafumba macho.

Hapo ndipo jasho jembamba liliponitoka, kwa sababu hakuhitaji kunieleza. Ninyi mnaolala ndani mkikuta kitu hakipo, mnauliza nani amechukua. Aliyelala nje hana swali hilo. Ukirudi ukakuta maboksi yako hayapo, mfuko haupo, na sakafu imeoshwa na inanuka dawa, maana yake ni moja: jiji wamepita, na wako karibu. Huulizi. Hurudi kuchukua kiatu. Unakimbia. Mimi mwenyewe nimekimbia hivyo mara nyingi, nimemkimbiza na kaka nikimshika mkono. Kuliko watu wote chini ya paa lile, mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Nilitoka getini mbio. Mlinzi akanielekeza upande alioenda, kisha akaniambia jambo lililonipoza damu. Lori lilikuwa linazunguka mitaa ya karibu tangu alfajiri. Mkubwa fulani wa ofisi ya jiji, aliposikia kamati inakuja na waandishi wa habari nyuma yake, aliagiza njia zisafishwe ili waheshimiwa wasikute uchafu. Uchafu ni sisi. Na aliyewaalika waheshimiwa ni nani? Ni Redio.

Kwa hiyo kaka alikuwa amekimbia lori ambalo halikuja, akaelekea mikononi mwa lori lililokuja. Na dawa yake ya asubuhi alikuwa hajameza.

Nilianza na vibaraza vya maduka ya nguo, kule tulikozoea kujibanza. Vilikuwa vitupu, vimelowa, mpira wa maji ungali unatiririka kwenye mfereji. Nyuma ya kituo cha mafuta, hakuna mtu. Kulikuwa na sufuria limepinduliwa na wali ukiwa bado na mvuke. Chini ya daraja, ambako siku zote hukosi mtu wa kukutukana, hapakuwa na mtu hata wa kunitukana. Sijawahi kuona mji msafi unaotisha namna ile. Nilikuwa nikiita, "Kaka, kaka," na watu waliovaa vizuri wakanipisha njia kama wanavyompisha mwenye wazimu. Juu, mawingu yalikuwa yameshuka, meusi, yamekaa juu ya majengo kama yanataka kuuliza kitu.

Lori nililikuta kwenye mzunguko wa barabara. Limefungwa wavu, na kwenye wavu kuna vidole. Nilikimbia ubavuni mwake nikiita jina alilopewa na mama yetu, halafu nikaita Fundi, kwa sababu wengi humo walimjua kwa hilo. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani, imekauka.

"Fundi hayumo humu. Kimbia na wewe."

Askari mmoja akaruka chini. Kijana mrefu, rungu kiunoni, hana hasira wala nini, yuko kazini. Akaniuliza nakaa wapi.

Jamani, mimi Redio. Mimi niliyesimama mbele ya kamati bila kuitwa. Mdomo ulifunguka, ulimi ukakataa. Miguu yangu ilikumbuka kabla yangu. Nilirudi hatua nyuma vilevile kama zamani, mkono ukapanda wenyewe kukinga kichwa. Miaka yote ya sindano na pamba ilikuwa imefutika, nilikuwa nimesimama pale nikinuka jasho, natafuta neno, na neno lenyewe ni "nyumbani", na halikuja. Askari akanisogelea. Akaiangalia tai yangu. Nadhani hakuelewa mtu wa maboksi atakuwaje na tai, hata iliyofungwa kama gunia. Akasema, "Mzee, usisimame barabarani," akapanda, lori likaondoka.

Nilikaa ukingoni mwa njia mpaka miguu ikakubali kuwa ni yangu. Kisha nikajilazimisha kufikiri kama mtu anayewindwa, kazi ambayo niliapa sitaifanya tena. Mtu anayelikimbia lori haendi mbali, anaenda mahali ambapo lori haliingii. Mita chache kutoka hapo barabara kubwa inapita juu ya kalvati, lile tundu la zege la kupitishia maji ya mvua. Lina mdomo huku na huku. Tulishawahi kujificha humo. Tulitoka kwa sababu tuliona mstari wa matope ukutani, juu ya vichwa vyetu tukiwa tumechutama, unaoonyesha maji hufika wapi.

Tone la kwanza liliniangukia shingoni nikiwa nateremka kwenye majani.

Ndani kulikuwa giza la mchana, lile ambalo macho yanalikataa. Maji yalikuwa ya kwenye vifundo, baridi, yanasukuma takataka taratibu. Juu yangu magari yalipita na zege likanguruma mpaka menoni. Niliinama, nikaingia nikigusa ukuta. Nilimwona kwa macho yake kwanza, meupe, katikati kabisa, mahali ambapo ni mbali sawa kutoka kila mdomo. Alikuwa amechutama, mikono imekumbatia magoti, kifua wazi.

"Kaka, ni mimi."

"Wamekuja," akasema, chinichini.

"Hawajaja."

"Wamebeba vitu. Wameosha. Nimenusa."

Nilimwambia twende nyumbani, akarudi nyuma hatua moja. Nilimwambia Mama Funguo anamsubiri na dawa, akasema Mama Funguo naye watakuwa wamembeba. Nilijaribu mzaha; nilisema chai ya mpishi ndiyo ya kukimbiwa, si nyumba. Sauti yangu ilizunguka kwenye lile tundu ikanirudia ikiwa ya mtu mwingine, mtu mwenye hofu anayejaribu kuchekesha, na hakuna kitu kibaya kusikia kama hicho. Nje mvua ilifunguka yote kwa pamoja. Mwanga wa mdomo wa kalvati ukageuka kijivu. Maji yakapanda kutoka vifundoni, yakashika ugoko, na sasa hayakuwa yakisukuma taratibu. Chupa zilipita zikigonga miguu yangu. Tawi likapita. Nilipapasa ukuta na vidole vikaugusa ule mstari wa matope. Ulikuwa usawa wa paji la uso wangu.

Nilitaka kutoka. Nasema kweli yangu, nilitaka kugeuka nikamwacha. Mwili wangu ulikuwa umeshageuka nusu. Kilichonizuia si ushujaa. Ni kwamba nilimwona akitetemeka kuanzia mabegani, vilevile kama siku ile nilipomuuliza habari za yule mzee.

"Maboksi nimechukua mimi," nikasema.

Aliacha kurudi nyuma.

"Si jiji. Ni mimi. Na sakafu nimedeki mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Maji yalikuwa magotini. Nikasema ukweli. "Nilitaka waone godoro."

Alilirudia neno lile, godoro, kama mtu aliyeng'ata kitu kilichochacha. Gari kubwa likapita juu, tukasubiri lipite. Akauliza mfuko uko wapi, nikasema kabatini, rafu ya juu, haujafunguliwa. Akauliza maboksi.

"Pipani. Nje."

"Kwenye mvua hii?"

"Ndiyo, kaka."

"Yatakuwa uji," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya zamani, ya karakana, ya fundi aliyemkuta msaidizi wake ameharibu chuma cha watu. "Boksi la friji unajua linavyopatikana? Zima, halina tundu? Wewe mtoto huna akili kabisa." Akasimama.

Sijawahi kufurahia tusi namna ile. Alinipita akinisukuma kwa bega, na kwa kuwa mguu wangu mmoja ulikuwa juu ya kitu kinachoteleza, nikaenda chini. Maji yalinimeza mpaka kichwa. Nilimeza nami, yana ladha ya mafuta ya gari. Nilihisi mkondo ukinivuta nyuma kuelekea gizani, mkono haupati pa kushika, na wazo pekee nililokuwa nalo ni kwamba ataniona nimepotea na atafikiri wamenibeba. Kisha shingo ikabanwa. Kaka alikuwa amekamata tai. Alinivuta nayo kama anavyovutwa mbuzi mkaidi, mimi nikikohoa na kukabwa kwa wakati mmoja, mpaka kwenye mwanga, mpaka kwenye majani. Hakusema pole. Alisema twende kabla maboksi hayajaisha kabisa.

Barabarani alitembea akiwa ameshika mkono wangu kwa nguvu za kuumiza, na kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya asimame. Nami nilisimama. Sikumwambia hakuna kitu, kwa sababu mara mbili kulikuwa na kitu: tuliliona lori likipita njia ya pili, taa zimewaka kwenye mvua, na tukajibanza nyuma ya kibanda cha umeme, ndugu wawili watu wazima, bila hata mmoja wetu kukumbuka kwamba ana ufunguo wa nyumba.

Getini kulikuwa na magari ya jiji. Kaka alipoyaona alikufa ganzi. Nilihisi mkono wake ukiwa mgumu kama bomba. Mama Funguo lazima alikuwa dirishani muda wote, maana alitoka bila mwavuli, funguo zikipiga kelele, akasimama upande wa pili wa geti na hakulivuta. Alimwambia kwamba ndani kuna wageni, ni wa jiji, hawajabeba kitu, na kwamba akitaka kuingia ataingia, asipotaka yeye atakaa naye hapo kwenye mvua. Kaka kwanza alikwenda kwenye pipa, akainua mfuniko, akachungulia, akanitazama mimi. Sitalieleza lile jicho. Kisha akalisukuma geti mwenyewe.

Kamati ilikuwa kwenye chumba cha kulia, imezuiwa na mvua, vikombe mezani. Walikuwa wameshazunguka korido zote. Diwani, nikiri, alikuwa amelisifu godoro langu, alilibonyeza kwa kiganja. Lakini alikuwa amegundua pia kwamba chumba cha mwisho hakina mwenyewe, akauliza, na Mama Funguo hadanganyi hata kwa dawa. Kwa hiyo tulipoingia tunachuruzika matope, hoja yake ya watu wasiotaka vyumba ilikuwa imeshasimama mezani kwa muda, na wajumbe wawili walikuwa wanaiangalia kwa kuipenda.

Niwaambie sasa hivi nisiwaweke roho juu: mikono ilinyooshwa siku hiyohiyo, sheria ndogo ikapelekwa barazani, na kufuli halikurudi. Hotuba yangu, niliyoikariri juma zima, ilibaki tumboni pamoja na maji ya kalvati. Baada ya alichosema kaka mwenyekiti aliuliza kama kuna mjumbe mwenye swali zaidi, na diwani mwenyewe, aliyekuwa nayo mengi, alikunja miwani yake akaitia mfukoni. Maneno yenyewe yalikuwa hivi.

Mpishi alikuwa amemletea kaka taulo. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mgongo ukutani, kifua kikipanda na kushuka, akiangalia zile beji za jiji shingoni mwa watu. Diwani aligeuza kiti chake. Hakumdhihaki; alimwita ndugu yangu, akampa pole ya mvua. Kisha akasema yeye ni mtu wa haki, na haki ni kumuuliza mwenyewe badala ya kumsema. Jiji limetoa jengo. Limetoa mhudumu, limetoa dawa, kuna chumba na kitanda ambacho yeye diwani angekilalia leo hii. Naye asubuhi amekiacha chote hicho akatoka mbio bila viatu.

"Sasa tuambie, ndugu yangu. Ulikuwa unakimbia nini?"

Nilifungua mdomo kumsaidia. Mama Funguo akanikanyaga mguu. Kaka alijifuta uso polepole, akaangalia kutoka kwa diwani mpaka kwa mwenyekiti mpaka kwa yule wa mwisho mezani, na bado alikuwa anatetemeka.

"Nilidhani watu wa jiji mmekuja kututoa," akasema. "Kwani nyinyi mmekuja kufanya nini?"